Kama hewa ukaa ni chakula cha mimea, mbona mahindi yangu hayaoni faida?

"Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Nina kihamba cha kahawa, migomba na maharage upande wa Marangu, na ekari tatu za mahindi huko tambarare. Mwanangu alinionyesha video ya mtu anayeeleza kwamba hewa ukaa ni chakula cha mimea, kwamba setilaiti zimethibitisha dunia inazidi kuwa ya kijani, na kwamba hofu ya mabadiliko ya tabianchi imetiwa chumvi. Kwenye kikundi chetu cha wakulima wengine wamekubali, wengine wamekasirika. Mimi naona mambo mawili yasiyopatana: kihamba kimefunga majani kuliko nilivyokizoea, ila kahawa inapungua, na mahindi ya chini yananyong'onyea mwaka baada ya mwaka. Je, huyo mtu anasema kweli? Na kama ni kweli, nipunguze mbolea? Nikate miti ya kivuli ili jua na hiyo hewa vifanye kazi pamoja? Au niache mahindi nipande mihogo?"

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza maswali manne, na yote yanasimama juu ya moja: je, hewa ukaa inayoongezeka angani inainufaisha mimea yako au inaidhuru? Jibu langu halitampendeza mtu yeyote kikamilifu katika kikundi chenu. Yule wa kwenye video hakudanganya aliposema kwamba mimea hula hewa ukaa, wala hakudanganya kuhusu setilaiti. Alikosea pale aliporuka moja kwa moja kutoka kwenye jani hadi ghalani, kana kwamba katikati hakuna udongo, maji, joto, wadudu wala tofauti kati ya mmea mmoja na mwingine. Nafurahi kwamba swali limetoka kwako, kwa sababu mtu mwenye kihamba juu na shamba la mahindi chini analima, pengine bila kujua, makundi mawili ya mimea yanayoila hewa hiyo kwa njia mbili tofauti kabisa.

Nianze na yaliyo ya kweli. Kabla ya viwanda kuenea, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta sehemu zipatazo 315, na leo kipimo hicho kimevuka 420. Kwa maneno mengine, hewa anayoivuta mjukuu wako ina hewa ukaa iliyozidi kwa nusu nzima ile waliyoivuta wahenga wetu, na ongezeko hilo limetokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi tunayochoma, pamoja na misitu tunayofyeka.

Mmea hutengeneza sukari kwa kuunganisha hewa ukaa na maji kwa nguvu ya jua, kazi tunayoiita usanisinuru. Ukitaka kuona mlango ambao hewa hiyo hupitia, chukua jani bichi la maharage, paka upande wake wa chini rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke kabisa, kisha ibandue kwa selotepu na uiweke chini ya hadubini ya shule yoyote iliyo karibu nawe. Katika ngozi hiyo nyembamba utaona alama za vinywa vingi vidogo, kila kimoja na midomo yake miwili. Hizo ndizo stomata. Nimewaonyesha wanafunzi wengi ngozi hiyo ya rangi ya kucha, na sijawahi kumwona aliyeitazama asinyamaze kidogo. Kinywa kikifunguka ili kuingiza hewa ukaa, papo hapo maji hutoka kama mvuke. Kwa kila chembe moja ya hewa ukaa inayokamatwa, mmea kama maharage hupoteza mamia ya chembe za maji. Hewa ukaa inapokuwa nyingi nje, mmea unaweza kufumba vinywa vyake kidogo na bado ukashiba, hivyo hupata sukari zaidi na kupoteza maji kidogo zaidi. Faida hiyo ni halisi. Wakulima wa nyanya wa Uholanzi huingiza hewa ukaa ndani ya vitalu vyao vya vioo kwa makusudi, na hapo Naivasha, Kenya, shamba la maua la Oserian limetumia hewa ukaa inayotoka kwenye kisima cha jotoardhi kulisha mawaridi. Kwa hiyo wale wa kikundi chenu wanaosema kwamba hewa ukaa ni sumu tu kwa mimea, nao wamepotoka.

Habari za setilaiti nazo zina msingi. Mwaka 2016 wanasayansi 32 kutoka nchi nane walichapisha uchambuzi wa picha za tangu 1982 hadi 2009, wakaonyesha kwamba kati ya robo na nusu ya ardhi yenye mimea duniani ilikuwa imeongeza majani, huku sehemu isiyofika asilimia 4 ikiwa imepungukiwa. Kwa kutumia mifano ya kompyuta walikadiria kwamba karibu asilimia 70 ya ongezeko hilo ilitokana na hewa ukaa. Huo ndio utafiti ambao video za namna hiyo huunukuu, na kwa kawaida huukatiza hapo hapo. Baadhi ya watafiti wale wale walitahadharisha kwamba mimea huizoea hewa hiyo na faida hufifia kadiri miaka inavyopita. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ulidai kwamba kufifia huko tayari kunaonekana katika sehemu kubwa ya dunia. Wataalamu wengine waliupinga, na mimi nauhesabu kuwa mjadala ambao haujafungwa.

Ila, Mwalimu, tujiulize kwanza setilaiti inaona nini. Inaona majani. Haioni gunia, haioni buni, haijui kama jani ni la mhindi au la gugu. Mwaka 2019 uchambuzi wa picha mpya zaidi, za 2000 hadi 2017, ulionyesha kwamba China na India ndizo zilizoongoza kwa kijani kilichoongezeka. Kwa upande wa India, zaidi ya asilimia 80 ya kijani hicho kilikuwa mashamba, yaani watu wanaolima misimu miwili au zaidi kwa mbolea na kwa maji yanayovutwa kutoka chini ya ardhi. Kwa upande wa China, sehemu kubwa ilikuwa miti iliyopandwa kwa mikono pamoja na mashamba. Kijani hicho kina jasho la watu, na mahali pengine kina visima vinavyozidi kukauka. Hata hapa kwetu, ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayotengwa ili yapumzike, zilizorudisha miti Shinyanga tangu miaka ya 1980, na visiki hai vinavyochipua Dodoma kwa sababu wakulima wamekubali kuvipogolea badala ya kuving'oa, huonekana kutoka juu kama ukijani, lakini kilichovirudisha ni uamuzi wa wanakijiji.

Na upo ukijani ambao ni msiba. Katika Kaunti ya Baringo, Kenya, mti uitwao mathenge ulipandwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ulifanikiwa kupita kiasi: ukafunga malisho, ukaziba njia za kwenda majini, na maganda yake yenye sukari yakaozesha meno ya mbuzi, hadi jamii ya Ilchamus ikaenda mahakamani na kumpeleka mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Sisemi kwamba mathenge ulienea kwa sababu ya hewa ukaa. Ulienea hasa kwa sababu maganda yake huliwa na mifugo na mbegu zikasambazwa kwenye kinyesi. Ninachosema ni kwamba picha ya kutoka angani ingelionyesha bonde hilo kuwa limeneemeka, wakati mfugaji anayeishi ndani yake alikuwa akihesabu mbuzi wanaokufa njaa wamezungukwa na majani.

Wazo la kwamba hewa ukaa italeta neema si geni. Svante Arrhenius, mwanakemia wa Sweden aliyekokotoa mwaka 1896 jinsi hewa hiyo inavyoongeza joto la dunia, aliamini kwamba nchi za baridi zingepata hali ya hewa nzuri zaidi na mavuno mengi. Alikuwa akiitazama dunia kutoka Stockholm, na kwa mtu wa huko nyuzijoto mbili za ziada zinaweza kuonekana zawadi. Miaka ya 1990 hoja hiyo ilifufuliwa nchini Marekani kwa fedha za vyama vya biashara ya makaa ya mawe, ambavyo mwaka 1992 vilidhamini hata filamu ya kuieneza. Nakutajia historia hii si kwa sababu hoja hugeuka uongo kwa kudhaminiwa na mwenye maslahi, bali kwa sababu inaeleza kwa nini nusu moja ya habari imesafiri mbali hivi hadi ikafika Marangu, na nusu ya pili ikaachwa njiani. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu wanaopokea nusu hiyo ya kwanza ni watu wanaoamua leo wapande nini.

Nusu ya pili tuitafute kwenye chungu cha makande. Mahindi na maharage hukaa pamoja chunguni, lakini shambani hula kwa njia tofauti. Maharage, pamoja na kahawa, ndizi, mpunga, ngano, mihogo na karibu miti yote, hukamata hewa ukaa moja kwa moja kwa kimeng'enya kiitwacho rubisko. Kimeng'enya hiki kina kasoro moja: mara kwa mara hukosea na kukamata oksijeni badala ya hewa ukaa, hivyo mmea hupoteza sehemu ya kazi yake, na joto likizidi makosa huzidi. Ukiongeza hewa ukaa, makosa hupungua. Ndiyo maana kundi hili hufaidika. Mahindi, mtama, uwele, miwa na nyasi nyingi za savana zina kitu cha ziada, yaani pampu inayokusanya hewa ukaa na kuisukuma ndani kabisa ya jani hadi rubisko izungukwe nayo. Kwa hali ya hewa ya leo pampu hiyo imekwisha kushiba. Kumwongezea mhindi hewa ukaa ni kama kumpakulia aliyekwisha kunawa mikono baada ya kula. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, watafiti walilima mahindi shambani, mahali pa wazi, huku wakiyapulizia hewa ukaa ya kiwango kinachotarajiwa katikati ya karne hii. Katika mwaka wa mvua nzuri hawakupata hata punje ya ziada. Faida ya mhindi huja wakati wa ukame tu, kwa kuwa vinywa vilivyofumba kidogo huhifadhi maji.

Nisikufiche kwamba hata mgawanyo huu una mambo yanayoushangaza. Katika jimbo la Minnesota kuna jaribio la nyasi lililochukua miaka 20. Kwa miaka 12 ya mwanzo mambo yalikwenda kama nilivyokueleza: kundi la maharage lilifaidika, kundi la mahindi halikufaidika. Kisha katika miaka minane iliyofuata yakageuka, na nyasi za kundi la mahindi ndizo zilizonenepa, kwa sababu zinazoelekea kuhusiana na naitrojeni iliyomo udongoni. Matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 2018 yalitulazimisha sote kusema kwa tahadhari zaidi juu ya miaka ijayo. Hata hivyo hayakugusa jambo moja, nalo ndilo linaloyanyong'onyesha mahindi yako, yaani joto.

Hewa ukaa haiji peke yake. Hewa hiyo hiyo inayolisha jani huzuia joto la ardhi lisitoroke angani usiku na mchana, na huwezi kuichukua faida yake ukakataa joto lake. Mwaka 2011 David Lobell na wenzake walichambua majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanyika Afrika, wakakuta kwamba kila nyuzijoto moja iliyozidi 30 kwa muda wa siku nzima ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 pale mvua ilipotosha, na kwa asilimia 1.7 pale palipokuwa na ukame. Nenda shambani kwako wakati wa kuvuna baada ya msimu wa joto kali, umenye mahindi kumi. Gunzi lenye mapengo, punje tatu hapa, moja kule, na ncha iliyo tupu, mara nyingi ni gunzi ambalo ndevu zake zilikauka au chavua yake ilikufa kwa joto wakati mbelewele ilipochanua. Mmea wenyewe unaweza kuwa ulisimama mrefu na wa kijani siku zote hizo. Setilaiti ingeuhesabu kuwa mmea mzuri.

Joto hukausha pia. Kila nyuzijoto moja ya ziada huiwezesha hewa kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke, na mvuke huo hunyonywa kutoka udongoni na kwenye majani. Wakati wa ukame mrefu wa Pembe ya Afrika, kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kusini mwa Ethiopia, Somalia na mashariki mwa Kenya. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa namna hiyo uwe rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto liliongeza kasi ya maji kukauka. Kile kidogo ambacho jani huokoa kwa kufumba vinywa vyake hakikuweza kushindana na hali hiyo.

Sasa tupande kihambani. Kahawa iko katika kundi la maharage, na katika majaribio ya shambani huko Jaguariúna, Brazil, ilikua vizuri zaidi ilipopewa hewa ukaa ya ziada. Kama hewa ukaa ingekuwa ndiyo yote, kahawa yako ingepaswa kuzidi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika nchini kwetu, kwa kutumia takwimu za miaka 49, ulionyesha kwamba kinachoiumiza zaidi ni usiku wenye joto: kila nyuzijoto moja iliyoongezeka katika kiwango cha chini cha usiku iliendana na upungufu wa kilo zipatazo 137 kwa hekta. Mmea hupumua usiku kama sisi, na ukipumua katika joto huchoma sukari uliyoitengeneza mchana. Kwa hiyo mchana hewa ukaa inakuongezea, na usiku joto lililoletwa na hewa hiyo hiyo linakunyang'anya. Hata hivyo usiitupie tabianchi kila lawama. Mibuni iliyozeeka, ugonjwa wa chulebuni unaoshambulia buni changa, kutu ya majani na kuacha kupogolea huweza kukupunguzia mavuno kwa kiasi hicho hicho au zaidi, na sina uwezo wa kuvitofautisha nikiwa mbali. Vilevile kufunga majani kwa kihamba chako kunaweza kuwa kumetokana na samadi, na mvua za karibuni, au na miti iliyokomaa bila kupunguzwa matawi. Hewa ukaa imechangia, lakini hakuna mtu anayeweza kutazama kihamba kimoja akakuambia imechangia kiasi gani.

Lipo jambo jingine ambalo video hizo hazilitaji, na mimi naliona ni zito kuliko watu wanavyolichukulia. Mmea uliolishwa hewa ukaa nyingi hujaza wanga haraka, wakati madini na protini haviongezeki kwa kasi hiyo hiyo. Majaribio ya mashambani yaliyokusanywa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ngano iliyokuzwa katika hewa ukaa ya sehemu 550 hivi ilikuwa na zinki pungufu kwa takriban asilimia 9 na chuma pungufu kwa asilimia 5. Soya na njegere nazo zilipungukiwa na zinki na chuma, ingawa protini yake ilishikilia kwa kuwa mikunde hujipatia naitrojeni kutoka hewani. Katika mpunga, aina 18 zilizojaribiwa China na Japani zilipoteza kwa wastani asilimia 10 ya protini. Mama mjamzito wa kijijini ambaye chuma chake kinatoka kwenye makande na mboga za majani hana ziada ya kupoteza. Sahani yake itakuwa imejaa kama jana, na hataona kilichopungua.

Nikirudi kwenye maswali yako ya vitendo, la mbolea lina jibu fupi: usipunguze. Fundi aliyeletewa lori zima la mchanga lakini ana mfuko mmoja wa saruji hatajenga ukuta mrefu zaidi, na mmea uliopewa hewa ukaa ya ziada bila naitrojeni na fosforasi uko katika hali hiyo. Karibu na Sydney, Australia, watafiti waliupulizia hewa ukaa msitu wa mikaratusi iliyokomaa, katika udongo wenye fosforasi kidogo. Miti ilivuta kaboni zaidi kwa asilimia 12, lakini haikunenepa. Karibu ziada yote ilirudi angani, kwa sehemu kubwa kupitia udongo. Udongo wa asili ya volkano kama wa mlima wetu mara nyingi huishika fosforasi kwa nguvu na kumnyima mmea hata kama imo tele, na hapo samadi ya ng'ombe wa zizini husaidia sana, kwa sababu mbolea ya asili hupunguza ushikaji huo na pia hutunza unyevu. Kama hewa ukaa inakupa kitu chochote, utakipata tu ukiwa umeulisha udongo.

Kuhusu miti ya kivuli, naomba uliweke panga chini kwanza. Mringaringa na mgrevilea hupunguza makali ya joto la mchana juu ya mibuni, na buni linaloiva polepole huwa zito na zuri zaidi. Faida ya kuufungua mwanga wote ingekuwapo kama joto lisingepanda, nalo linapanda. Lakini niseme ukweli wote: kivuli hakipozi usiku, kikiwa kizito huweza hata kulishika joto chini ya matawi, na unyevu uliofungiwa humo huikaribisha kutu ya majani. Kama kihamba kimefunga kama unavyosema, kazi iliyopo ni kupogolea, kuondoa matawi ya chini na yanayobanana hadi mwanga uonekane ukicheza ardhini saa sita mchana, na kupunguza machipukizi ya migomba. Ukibahatika kuwa na zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa jadi, yatumie wakati wa kuchanua na wa buni kujaa, wala usiyasambaze kidogo kidogo mwaka mzima.

Mihogo ndiyo swali gumu zaidi, kwa sababu sayansi yenyewe ilijibu mara mbili tofauti. Jaribio la mwaka 2009 la Australia, lililofanyika ndani ya kitalu, lilikuta mihogo iliyopewa hewa ukaa nyingi ikitoa mizizi midogo, na majani yake yakiwa na sumu ya sianidi zaidi ikilinganishwa na protini. Miaka mitatu baadaye, jaribio la shambani huko Illinois lilikuta mizizi ikiongezeka maradufu bila sumu kuzidi. Mimi nalipa uzito zaidi la shambani, kwa sababu muhogo ndani ya chungu haupati nafasi ya kutanua mizizi, na sukari isiyo na mahali pa kwenda hulifanya jani lipunguze kazi. Muhogo pia huvumilia joto na kiangazi kuliko mhindi. Lakini una protini kidogo sana, na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yanaweza kukuachia shamba la kijani lenye mizizi iliyooza ndani. Kwa hiyo nisingekushauri uhamishe ekari zote tatu. Jaribu nusu ekari kwa mbegu safi kutoka kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, au kwa mzalishaji aliyethibitishwa, weka mtama sehemu nyingine, na mahindi yaliyobaki yawe ya aina inayokomaa mapema na kuvumilia ukame, yakipandwa kwa kufuata utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Yapo yanayohitaji mtu afike shambani kwako. Udongo upimwe kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea: chukua kutoka sehemu kumi au zaidi, kihamba peke yake na tambarare peke yake, changanya kila kundi katika ndoo safi, na umwombe afisa ugani akuelekeze maabara iliyo karibu. Mibuni ipelekwe mbele ya wataalamu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo, hasa ukiona buni changa lina madoa meusi yaliyobonyea au jani lina unga wa rangi ya chungwa upande wa chini; hayo hayasubiri msimu ujao. Mgomba unaotoa usaha wa manjano ukikatwa umwite afisa ugani siku hiyo hiyo, na usilitumie panga hilo kwenye shina jingine kabla ya kulipitisha kwenye moto. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa jiografia, nakuomba ununue kipimajoto cha kuonyesha kiwango cha juu na cha chini, ukitundike kivulini kihambani, uandike kiwango cha chini cha kila alfajiri kando ya kilo unazovuna. Daftari hilo, hata la mwaka mmoja, litamsaidia mtaalamu wa Lyamungo kuliko maelezo yangu yote haya. Siku utakayokwenda, beba na majani machache yenye dalili, ila usiyatie kwenye mfuko wa plastiki, maana humo huoza kabla hujafika. Yafunge kwenye gazeti.